Kiapo cha Mama kwa Serikali ya Ugiriki

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira iliyonifikisha ubalozini ilianzia kwenye chumba cha mashuka. Nilikuwa nimeshafanya kazi miaka minne katika hoteli moja ya Doha, na mashuka ya ghorofa zote yalikuwa chini yangu, nilipoletewa binti wa Kizungu nimfundishe. Nikamfundisha vizuri. Nilimwonyesha namna ya kukunja kona, namna ya kujua taulo lililochoka, namna ya kuongea na watu wa dobi bila kugombana nao. Alikuwa binti mpole, tukawa tunakula pamoja. Siku moja akaniuliza, kwa moyo mweupe kabisa, kama posho yangu ya nyumba inanitosha.

Posho ya nyumba! Mimi nilikuwa nalala mtaa wa Najma, juu ya duka la vifaa vya simu, vitanda vinne chumba kimoja, na choo cha kupanga foleni. Nilipomuuliza msimamizi, akanijibu huku anasaini karatasi zake kwamba mshahara unafuata pasi ya kusafiria. Hakuna mgeni wa Doha asiyelijua hilo. Ila sikuwa nimewahi kumfundisha kazi mtu anayelipwa kunizidi, halafu nikamkabidhi na funguo. Nilirudi Najma siku hiyo nimevimba, hata kula sikula.

Ijumaa yake nikampigia mama simu Tanga. Saa zetu na za nyumbani ni zilezile, na Ijumaa mimi napumzika, kwa hiyo tulikuwa na kawaida ya kuzungumza asubuhi, yeye akichambua mchele na mimi nikifua. Nikamwaga malalamiko yangu yote. Mama akacheka, akasema mbona mimi ni Mgiriki, niende nikadai changu.

Alikuwa anatania. Ndani ya familia hilo halikuwa siri, ila halikuwa jambo la kuzungumzwa. Bibi yangu aliwahi kufanya kazi za ndani kwenye nyumba ya bwana mmoja mwenye shamba la mkonge, Mgiriki, akamzaa mama. Mashamba yalipobadili mikono Mgiriki akaondoka, na hakuandika tena. Bibi alipofariki, mama alikuta ndani ya sanduku lake, chini ya kanga ambazo hazijakatwa, cheti cha ubatizo. Yule bwana alikuwa amempeleka mtoto kwa padri, na jina lake na saini yake vilikuwa pale kama baba wa mtoto.

Simu ilikuwa kwenye spika. Mwenzangu wa kitanda cha chini, Mkenya, mlinzi kwenye jengo la maduka, alikuwa anapaka miguu mafuta. Akasimama.

"Wee! Babu yako ni Mgriki na unalala hapa na kunguni? Si u-apply, aki! Watu wanauza shamba wapate hiyo kitu, na wewe umeiacha kwa sanduku?"

Tangu siku hiyo hakunipa raha. Alinitafutia masharti kwenye simu yake, akanisindikiza hadi kwenye duka la kutoa nakala, akanisomea barua zangu kwa sauti kana kwamba yeye ndiye anayeomba. Kama kuna mtu aliyeutaka Ugiriki wangu kuliko mimi, ni yeye.

Kwenye ubalozi wa Ugiriki nilipokelewa na mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba. Nilimpa vyeti alivyonitumia mama. Alikitazama cha ubatizo muda mrefu, akakigeuza, akakigusa ile saini kwa kidole. Akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba karatasi hii ni nzuri, ina uzito. Kisha akachukua cheti cha kuzaliwa cha mama. Baba aliyeandikwa mle alikuwa mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine ni babu yangu. Alimwoa bibi wakati mama akiwa bado ananyonya. Alikuwa fundi wa mashine palepale shambani, mweusi tititi, mfupi, mwenye kikohozi cha vumbi la mkonge. Siku ya kumwandikisha mama darasa la kwanza alipoulizwa jina la baba akataja la kwake, na mama alipokuwa msichana na cheti cha kuzaliwa kikahitajika, alitembea mwenyewe hadi wilayani akakitafuta, akaandika hivyohivyo. Watoto walipomwita mama mzungu wa mkonge, babu alikuwa anawaambia wazazi wao, bila hata kutabasamu, kwamba mtoto amefuata upande wa mama yake yeye babu, kwao kuna Waarabu. Alimsukia kofia ya ukindu pana kuliko ungo kwa sababu jua lilikuwa linamchubua. Mimi mwenyewe nilijua siri ya Mgiriki nikiwa na miaka kumi na mitano, na niliposikia nilimwonea babu huruma, kisha nikasahau. Babu alikuwa babu.

Yule mama wa ubalozi akaniambia dawa yake ni rahisi. Mama yangu aende kwa wakili, atoe hati ya kiapo kwamba baba yake ni yule wa cheti cha ubatizo, na kwamba aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa si baba yake. Bila hiyo, faili haliendi popote. Nikayaandika maneno yote kwenye daftari. Mwenzangu akayapanga vizuri kwenye simu, nikamtumia mama. Akajibu, "Nimeona mwanangu. Nitakwenda."

Mzigo wa nyumbani hauji Doha kwa posta, unakuja na mtu. Bahasha ya mama ililetwa na dereva mmoja wa Unguja aliyekuwa anarudi kutoka likizo, anayeendesha gari la familia moja kule Al Thumama. Nikapanda basi nikaifuata. Alinipa getini pamoja na chupa ya achari ya embe iliyofungwa mifuko mitatu. Sikuweza kungoja. Niliifungua kituoni, juani, achari nimeibana katikati ya miguu.

Ilikuwa na muhuri, ilikuwa na saini, ilikuwa na stempu. Na ilisema hivi: kwamba yeye anaapa kuwa baba yake ni fulani, akataja jina la babu yangu, jina kamili na la ukoo. Kwamba Mgiriki aliyetajwa kwenye cheti cha ubatizo ndiye aliyemzaa, hamkatai, Mungu amrehemu, lakini hakumlea. Na kwamba anaiomba Serikali ya Ugiriki impokee binti yake, kwani ni mchapakazi, hana makuu, na anaijua dini yake.

Nilipiga simu palepale.

"Mama, umefanya nini?"

"Imefika? Alhamdulillahi. Na achari haikumwagika?"

"Mama! Mimi nilikuandikia maneno. Umeyaona. Kwa nini umebadilisha?"

Akanieleza kwa utulivu ulioniudhi zaidi. Wakili alimsomea maneno yangu, akampa msahafu aushike. Alipofika kwenye "si baba yangu," mama akamwomba asimame kidogo. Akamwambia, mwanangu, hapo siwezi. Wakatafuta maneno mengine pamoja, nusu saa nzima, na wateja wanangoja nje.

"Lakini nimesema ukweli wote," akasema. "Sikuficha hata kimoja. Wazungu ni watu wenye akili, wakisoma wataelewa."

Nikamwambia hawataelewa. Nikamwambia ameniharibia, kwamba ataniacha nizeekee kwenye mashuka ya watu kwa ajili ya marehemu ambaye hata hatajua. Hayo nilimwambia mama yangu, kituoni, watu wananitazama. Yeye akasema maneno ya kuagana, kama kawaida, na kuniombea dua, kama kawaida, na akakata.

Mwenzangu aliisoma ile hati mara mbili akiwa amekaa kitandani. Kwanza alicheka pale kwenye mchapakazi asiye na makuu. Halafu akafuta macho.

"Mama yako ni msafi, wallahi," akasema, yeye ambaye hata si Mwislamu. "But hii haiwezi pita. Mwambie aape tena. Ni karatasi tu."

Mimi pia nilijiambia ni karatasi tu. Kwa wiki mbili nilijiambia hivyo kila nilipofungua chumba cha mashuka. Sikumpigia mama, na yeye hakunipigia. Haikuwahi kutokea.

Ijumaa ya tatu, saa tatu asubuhi, simu ikaita. Nilikuwa juu ya paa la jengo letu naanika.

"Nimefikiri," mama akasema. Hakuanza hata na salamu. "Kama ndilo linalokutoa hapo, nitaapa. Wewe ndiye niliyebaki naye. Wakili nimeshapanga naye, saa nne ananingoja. Ila nina ombi. Yule kijana anasoma haraka kama anayenadi mitumba. Nisomee wewe kwanza, taratibu, nizoee, ili nikifika kwake nisije nikakwama tena."

Daftari lilikuwa chini kwenye begi. Sikuhitaji kulifuata, maneno nilikuwa nayajua kwa kichwa. Nilishukuru Mungu. Nilijiona tayari nina pasi nyekundu mkononi, nimesimama mbele ya msimamizi wangu. Nikaanza.

"Mimi, mwenye jina hapo juu, naapa na kuthibitisha kama ifuatavyo."

"Eeh," mama akasema.

"Kwamba baba yangu mzazi ni yule aliyetajwa katika cheti cha ubatizo kilichoambatanishwa."

"Eeh."

"Kwamba mtu aliyetajwa kama baba katika cheti cha kuzaliwa," nikataja jina la babu, jina lake lote. Sijui ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimelitamka. Nyumbani hatukumwita kwa jina. Nikamwona mzima mzima, amechutama uani, anammenyea mama muwa, mama mtu mzima mwenye mtoto wake, kwa sababu mama hapendi kuchafua meno. Nikafungua mdomo niendelee, sauti ikagoma.

"Endelea," mama akasema.

"Mtandao unakatika, mama."

"Haukatiki. Nakusikia unavyohema. Endelea, mwanangu, nisichelewe."

Nikashika kamba ya nguo. Shuka langu mwenyewe lililolowa lilikuwa linanipiga usoni na sikulisogeza. Nilimpenda mama yangu wakati ule hadi kifua kikaniuma, na nikajionea aibu ya kutosha miaka yangu yote minne ya Doha.

"Mama, usiende," nikasema. "Mwambie wakili basi. Babu ni babu. Ile uliyoapa ndiyo ileile, hatubadilishi."

Nikadhani kweli mtandao umekatika. Halafu nikasikia analia. Siku tuliyomzika babu sikumsikia akilia. Alikuwa jikoni anapakulia waombolezaji. Sasa alikuwa analia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana, na mimi juu ya paa la Najma nikalia naye.

Alipotulia akapenga kamasi.

"Nilikuwa nimeshatia udhu," akasema. "Basi udhu usiende bure. Ngoja nikamuombee baba yangu dua."