Taa ya Mafuta

Siku ya kwanza kazini nilipewa bisibisi nikaambiwa nizipindishe geji zilizokuwa zimekaa sawa. Nimetoka Tanga na cheti changu cha umeme wa magari, najiona fundi kweli kweli, halafu naambiwa niharibu! Aliyeniambia ni fomeni wa gereji yetu pale Umbilo, mtaa wa Durban, mzee mfupi mzaliwa wa hapo hapo, mdomo wake hauna breki. Tulikuwa tunatengeneza magari ya mashindano. Gari la kawaida linavuliwa viti na vioo, linafungwa kizimba cha mabomba ndani ili dereva asipondeke, kisha linakwenda kukimbizwa na kugongana na mengine kwenye uwanja wa duara.

“Dereva wangu hana muda wa kusoma,” fomeni alifoka. “Ana muda wa kutupa jicho. Pindisha!”

Basi nikapindisha, na wallahi alikuwa sahihi. Geji zetu zilikuwa tatu, za mshale. Ya kwanza joto la maji. Ya pili presha ya oili, yaani nguvu inayosukuma oili ndani ya injini ili vyuma visisagane. Ya tatu presha ya petroli. Unaizungusha kila moja kwenye tundu lake mpaka mshale usimame wima injini ikiwa na afya. Namba zikikaa kichwa chini, haidhuru. Dereva anaona mishale mitatu imesimama, anaendelea. Mmoja ukiinama, kuna shida. Kwenye redio tuliongea Kiswahili ili timu nyingine zisituelewe. Dereva akisema “wa pili unalala,” najua ni oili, namwita aingie. Yameisha.

Dereva mwenyewe alikuwa Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi, baba wa watoto wawili, ambaye siku za kazi alikuwa mnyoosha bodi hapo hapo gerejini. Aliniita Papa, yaani baba. Sijaona mtu aliyependa gari vile. Alikuwa anaongea nalo: “Mama, leo usinitie haya.” Jina lake mwenyewe lilikuwa limeandikwa mlangoni mwa gari kwa rangi nyeupe, na kila Jumatatu alikuwa analipangusa kwa kitambaa, nasi tunamcheka.

Fomeni alipostaafu akaja meneja wa timu, mtu wa kompyuta. Hakuwa mbaya. Wiki ya pili akaja na boksi, akaniita, “Madala,” ndivyo wanavyomwita mzee huku, “hizi saa zako za ukutani tunatupa.” Ndani ya boksi mlikuwa na dashibodi ya dijitali, kioo cha ukubwa wa kiganja.

Siku kumi nilikuwa nimejikunja chini ya usukani. Nilifunga sensa, vijidude vinavyohisi joto na presha na kupeleka habari kwa waya. Kila kiunganishi nikakipaka grisi, kwa sababu chumvi ya hewa ya Durban inakula shaba hivi hivi unaiona. Kioo kilionyesha ukurasa mmoja kwa wakati, na juu yake palikuwa na taa nyekundu moja tu, ya kila ubaya. Tena kilikuwa na kumbukumbu, kinaandika kila kitu cha kila raundi. “Sharp!” meneja akasema, yaani safi, akanipiga bega.

Ila kitu kimoja hatukufanya, na hapo ndipo roho inaponiuma. Mishale ilipoondoka, maneno yetu nayo yaliondoka. Hapakuwa tena na wa kwanza wala wa pili. Hatukukaa chini kupanga tutaambiana nini.

Mbio za tatu tangu tufunge kile kioo, nilikuwa nimetia petroli kidogo makusudi, gari liwe jepesi. Hesabu yangu ilikuwa kwamba litamaliza na kubakiza lita chache. Ilunga alikuwa nafasi ya pili, raundi sita zimebaki, nikasikia redioni, “Papa! Taa nyekundu inawaka! Mafuta inashuka!”

Kwetu sisi, ukisema mafuta kwenye gari, umesema petroli. Oili ni oili. Kumbe kwa Ilunga petroli ni esansi, na mafuta ndiyo oili! Miaka yote ile tumekula sahani moja, sikulijua hilo, maana mishale ilikuwa inatusemea.

“Yatatosha!” nikamjibu, najiona bingwa wa hesabu. “Kanyaga!”

“Una hakika, Papa?”

“Kanyaga, nimekwambia!”

Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza. Akakanyaga raundi nne. Injini ikanoki, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, gari likaenda ubavu na kuubamiza ukuta. Tulimtoa kwa kukata mabomba. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika pawili.

Jumatatu meneja alichomeka kompyuta yake kwenye dashibodi. Mstari wa presha ya oili ulikuwa unashuka mpaka chini. “Eish! Taa imewaka raundi nne na mtu anakanyaga? Huyu si dereva.” Akampigia Ilunga hospitalini, simu akaiweka mezani sote tusikie.

“Papa Rajabu mwenyewe aliniambia niendelee,” Ilunga akasema. “Mumuulize.”

Meneja akanigeukia. “Ni kweli, madala?”

Kibali changu cha kazi kilikuwa kinasubiri barua yake. Nilikuwa na miaka hamsini na nane, nirudi Tanga na nini?

“Redio ilikuwa inakwaruza,” nikasema. “Sikusikia vizuri.”

Ilunga hakubisha. Kile kioo kiliandika joto, presha na mizunguko kila nukta, lakini sauti yangu hakikuiandika, na Kiswahili pale tulikijua sisi wawili tu. Jioni nilitumwa nilipige msasa jina lake pale mlangoni, nikalipiga msasa. Hakuendesha tena, kwetu wala kwingine, maana kila timu ilishasikia kwamba haangalii taa.

Sasa nimestaafu. Nakaa South Beach, ghorofa ya tisa, lifti inafanya kazi ikipenda. Vijana wa ufundi hunijia: Mzee, mshale na dijitali, kipi bora? Nawaambia dijitali. Haikukosea hata kidogo siku ile. Wanadhani nawatania.

Ilunga anauza mawese soko la Warwick, amekaa kwenye kreti, mguu ameunyoosha mbele. Kila Ijumaa nikitoka msikitini napita kwake. Mwezi uliopita nikajikaza.

“Ilunga, siku ile nilidhani unasema petroli.”

Akaacha kumimina. “Ile ninajua, Papa. Niliijua kule hospitali. Mtu anakosea.” Akanitazama usoni. “Na meneja? Ulimwambia?”

Meneja yupo hai, gereji ipo pale pale, mwendo wa dakika ishirini kwa taksi. Sijaenda.

Ilunga akafunga kizibo, akaipangusa chupa taratibu, akanipa mkononi.

“Mafuta hii,” akasema, neno moja moja, kwa sauti ya juu, kama unavyosema na mtu asiyesikia vizuri, “ni ya kupikia.”