Boneti Niliyoifungua Kanisani

"Huyo? Hata sufuria ya mama yake ikitoboka hawezi kuiziba."

Hayo yalikuwa maneno ya mjomba wangu, siku baba aliposimama mbele ya jamaa na majirani pale kijijini kwetu Myanga akaomba wamsaidie kunipeleka ng'ambo nikasomee magari. Watu walicheka. Mwingine akasema nitarudi na suti na kikohozi, basi. Lakini walitoa, kwa sababu kwetu mtu mzima akisimama kuomba mbele ya watu hamwachi aketi mikono mitupu. Mjomba mwenyewe, baada ya kunitusi, alitoa ng'ombe mtamba. Mjane tuliyepakana naye shamba akatoa mbuzi. Baba akauza maksai wake wawili wa kulimia, na tangu hapo akawa analima kwa kuazima ng'ombe wa wenzake, akingoja hadi wamalize kwao ndipo aanze kwake. Na ilieleweka kwamba hiyo si zawadi. Nikirudi nikiwa mtu, mnyama atalipwa kwa mnyama.

Nilirudi nikiwa mtu. Nilirudi na diploma, na nasema bila haya kwamba darasani hakuna aliyenishinda kuchomelea bati jembamba. Walimu waliwaita wengine waje waone kazi yangu. Mwishoni mwa miaka ya themanini nikafungua kibanda changu Tuwan, mjini Kitale, nikatundika cheti ukutani ndani ya kioo. Mafundi wa Kitale walikuwa hodari wa kunyoosha kilichopinda. Mimi nilijua kukichukua kilichonyooka nikakifanya kizuri.

Lakini sikutaka sifa za wateja tu. Nilitaka baba aone. Alikuwa ametoa maksai wake kwa ajili ya kitu asichokifahamu, na kila alipoulizwa kijana alisomea nini alijibu, "Mambo ya magari," kisha akageuza mazungumzo. Nilitaka siku moja asimame mbele ya kazi ya mikono yangu, aiangalie kwa macho yake, aseme ni nzuri. Hayo tu.

Kwa hiyo nikanunua gari kuukuu lililokuwa limewekwa juu ya mawe nyuma ya stoo moja ya mahindi. Jioni baada ya kazi za wateja nilijifanyia yangu. Nje nililipiga rangi vizuri, lakini rangi hata mtu wa kawaida ataipiga. Fahari yangu niliiweka ndani, chini ya boneti. Chumba cha injini cha gari lolote kimejaa matundu: ya skrubu, ya waya, ya vishikizo vya vitu ambavyo pengine gari hilo halikuwahi kuwa navyo. Nilitoa injini, nikang'oa kila kitu kikabaki bati tupu, nikaanza kuziba. Unakata kibati cha unene uleule, kiduara kinachoingia tundu barabara. Unakishika kwa nukta moja ya moto, unahamia tundu la upande mwingine, unaliacha la kwanza lipoe, ndipo unarudi. Ukiwa na haraka bati litajikunja kama chapati, na halitarudi. Kisha unasaga, unapiga msasa, unafumba macho na kupitisha kidole. Kidole kisipojua tundu lilikuwa wapi, umemaliza.

Nilimaliza. Waya zote nikazipitisha ndani ya bodi zisionekane, mabomba nikayaficha, nikapaka rangi ya maziwa. Injini iliporudi ilikaa pale peke yake, kama yai kwenye bakuli. Sijaona kazi kama ile Kitale, wala Bungoma, wala Eldoret, na nimetembea.

Jumapili moja nikaenda nyumbani. Baba alipanda mbele, akiwa amevaa koti lake la kanisani, akasifu kiti. Nikamwambia, "Baba, ngoja. Baada ya ibada nitakuonyesha kitu." Nikaegesha mbele kabisa ya mlango wa kanisa.

Kwetu watu wakitoka ibadani hupanga mstari nje na kusalimiana kwa mikono, kila atokaye akiungana na mstari, hadi wote wawe wamegusana. Nikangoja mstari ukamilike, baba akiwa katikati pamoja na wazee wa kanisa, mjomba karibu naye. Ndipo nikaenda, nikaifungua boneti, nikaiegemeza juu, nikarudi nyuma hatua chache ili wasizibwe na mgongo wangu.

Mstari ukavunjika. Walikuja wote, mbio.

"Imechemka?" akauliza mzee mmoja.

"Hapana, mzee. Angalieni tu ndani."

"Leteni maji! Nyinyi wasichana, si mlete maji!"

Wasichana wawili wakakimbia kisimani na mtungi. Vijana wakavua makoti, wakaenda nyuma ya gari, wakainama tayari kusukuma. Nikapaza sauti: "Haijaharibika! Gari ni zima!"

"Kama ni zima, boneti inafanya nini juu?" akauliza mama mmoja. Alisema kweli ya siku zile. Barabara yote ya kwetu, gari lilikuwa la namna mbili tu: linalokwenda, na lililoinua boneti. Kuinua boneti mbele ya watu ilikuwa kama kutoka nje na shati lililochanika.

Mjomba akajipenyeza mbele. Akachungulia kwa muda. Akainama, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Waya ziko wapi?" akauliza.

"Zimefichwa, mjomba. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na vile vitu vingine? Mbona kumekuwa kweupe hivi?" Akageukia watu. "Haki wamemmaliza, bana. Wamemwibia mpaka kuta! Wamemwachia injini ati arudi nayo nyumbani."

Watu wakaguna kwa huruma. Wengine wakacheka huku wakiguna. Nikamtafuta baba. Alikuwa amesimama nyuma ya wote, hajasogea kuangalia. Nikamwita, "Baba, njoo uone." Akavaa kofia yake, akashika kinjia cha kupitia mashamba ya mahindi, akaenda nyumbani kwa miguu.

Nilimkuta ameketi mlangoni. Aliongea kwa upole, na afadhali angefoka.

"Mwanangu, kama gari limekushinda ungeniambia hapa nyumbani. Si mbele ya kanisa."

"Halijanishinda, baba. Nilitaka uone nilivyoziba—"

"Pole. Watu wa mjini ni wezi. Hata wewe si wa kwanza." Akaingia ndani, akatoka na jogoo aliyefungwa miguu, akaniwekea kwenye kiti cha nyuma. "Huyu atakusaidia kidogo."

Ningeweza kumshika mkono, nikamrudisha kwenye lile gari, nikaweka kidole chake juu ya bati na kumweleza taratibu. Nilikuwa na siku nzima. Lakini nilikuwa nimeona watu wakicheka, na mimi si mtu wa kuomba kuangaliwa mara mbili. Nikachukua jogoo, nikawasha gari likaitika mara moja, nikaondoka. Kwa miaka, kila nilipokwenda nyumbani, baba aliuliza kama wale wezi walikamatwa. Nilijibu bado.

Gari nililiuza kwa mfanyabiashara wa mahindi wa Moi's Bridge. Bei ilikuwa nzuri, kwa ajili ya rangi ya nje, boneti hakuifungua. Nilipokutana nalo tena nilimwomba nichungulie. Alikuwa ametoboa upande wa kulia kufunga honi kubwa, akatoboa tena ukutani kupitisha waya wa redio. Nikafunga boneti polepole.

Lakini lile gari, pamoja na jasho langu la Tuwan, ndilo lililonipa wanyama. Katika miaka ya tisini nilianza kulipa. Mjane alipata mbuzi wake akiwa na mimba. Mjomba nilimpelekea mtamba bora kuliko wake, nao watu walioniita mtu wa kikohozi wakasimama barabarani kuangalia. Baba nilimweka wa mwisho, kwa sababu maksai wazuri hawapatikani kwa haraka. Nilizunguka minada mpaka nikapata wawili wanaolingana kimo, nikawafikisha Myanga asubuhi.

Baba alitoka nje. Aliwazunguka. Akamfungua mmoja mdomo, akaangalia meno, akahamia kwa mwenzake. Akapitisha kiganja begani pale nira inapokaa, taratibu, akarudi tena palepale. Akainua kwato moja moja. Akafumba macho na kuminya mgongo kwa vidole, kuanzia nundu hadi mkia. Mimi nilikuwa nimeshika kamba tu, na jua likapanda bado anaangalia.

"Nani alikuchagulia?" akauliza hatimaye.

"Nilichagua mwenyewe, baba."

Akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. "Hii ni kazi nzuri," akasema. "Sikujua unajua kitu."

Nikasema asante. Akachukua kamba mkononi mwangu, akawapeleka kunywa maji.