Miaka ishirini na mitatu mlangoni pa sala

Saa kumi alfajiri mji wa Gangjin, kusini mwa Korea, bado umelala, lakini Shemasi Pyo Jong-gu ameshawasha joto la sakafu kanisani na kupanga mito ya kukalia. Sasa amesimama mlangoni, anawapokea bibi wa mtaa mmoja mmoja.

"Leo umechelewa, mama," Pyo anamtania Bang Mal-sun, bibi wa miaka themanini na moja.

"Nimechelewa wapi? Magoti ndiyo yamechelewa, mimi nilishafika zamani."

Wanavua viatu, wanaingia. Saa kumi na moja kamili wimbo unaanza, mchungaji anasoma Neno, kisha taa zinapunguzwa na kila mtu anasali kwa sauti yake mwenyewe, wengine kwa machozi.

Saa kama hiyo, kwa miaka ishirini na mitatu, Pyo alikuwa nje, ameinama juu ya viatu. Aligeuza jozi moja baada ya nyingine zielekee mlangoni, ili wazee wakitoka watumbukize miguu tu na kwenda zao. Zamani jozi zilifika tisini. Siku hizi ni ishirini na moja.

"Nimegeuza viatu vya waliosali mpaka mgongo umekwisha," anasema mtunza kanisa huyu wa miaka sitini na tisa. "Lakini ukiniuliza ni asubuhi ngapi mimi mwenyewe nilipiga magoti, naona haya kukujibu."

Si kwamba hakuamini. Kila aliyepita alimwambia, "Shemasi, kazi yako ndiyo sala yako," naye akaipokea sifa hiyo kwa mikono miwili.

"Ilinitua mzigo," anakiri. "Kusali kunataka mtu atulie. Mimi na kutulia hatujuani."

Mtu mmoja tu hakukubaliana na sifa hiyo: mkewe, Ok Sun-rye. Yeye hakukosa alfajiri hata moja, iwe theluji au mvua. Alikaa safu ya tatu, ukutani, na kila siku alitandika mito miwili. Pyo aliikuta yote miwili alipokusanya, akadhani wa pili ni wa kupumzishia magoti.

Kabla ya kuingia, Sun-rye alikuwa akisimama kidogo mlangoni.

"Baba Tae-ung, acha viatu. Ingia ukae hata dakika tano."

"Na viatu vitajigeuza?"

"Wenyewe wana miguu, watageuka."

"Basi kesho."

"Kesho yako hiyo imeshaota ndevu," Sun-rye alimjibu, akaingia peke yake.

Mwaka juzi, kabichi za achari ya kimchi zikiwa bado shambani, Sun-rye alilazwa. Ini lilikuwa limeharibika. Alfajiri moja, saa ileile ambayo wenzake walikuwa wakianza wimbo, alifumbua macho.

"Baba Tae-ung, niombee. Nataka sauti yako, si ya mchungaji."

Pyo alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Kanisani najua kila swichi ilipo, hata gizani," anasema. "Lakini kwa Mungu sikujua pa kuanzia. Nikaona ndara zake chini ya kitanda zimekaa ovyo. Nikainama, nikazigeuza zielekee mlangoni."

Anachezea funguo zilizo kiunoni.

"Alicheka kidogo, akanishika kichwa. Siku mbili baadaye akafariki."

Jambo hilo linamuuma mpaka leo, naye halifichi. Anasema watu huiweka sala akiba kwa siku ya shida, lakini siku hiyo ikifika hukuti hata neno kama hukuwa ukizungumza kila siku. "Ndugu usiyempigia simu miaka yote, siku ukimpigia unaanzaje?"

Wiki moja baada ya mazishi, Bang Mal-sun alimfuata mlangoni.

"Unajua ule mto wa pili ulikuwa wa nani?"

"Wa magoti yake."

"Magoti gani? Ulikuwa wako, mjinga wewe!"

Kikongwe huyo alikaa nyuma ya Sun-rye miaka yote, akasikia kila kitu. Anasema kila alfajiri Sun-rye aliweka kiganja juu ya mto ule mtupu na kumwambia Mungu maneno yaleyale: "Baba, yuko hapo mlangoni. Ana kazi kidogo. Msubiri."

Siku hizi wimbo ukianza, Pyo anaviacha viatu vilivyo na kwenda kukaa safu ya tatu. Wazee walinung'unika siku mbili, wakigeuka kwa kushika ukuta. Siku ya tatu wakazoea.

Kusali bado kunamshinda. Akifumba macho tu, anawaza boila ya kupashia sakafu joto. Amefika dakika nne, na anataka kabla ya kustaafu mwakani aweze kukaa nusu saa. Mwanawe Tae-ung yuko Ulsan, anaunda meli.

"Siku akiniambia, 'Baba, niombee,' nisikimbilie tena ndara," anasema.

Na katika dakika hizo nne, humwambia Mungu nini?

"Naanza vilevile kila siku," anajibu Pyo, macho chini. "Nasema, 'Baba, nimeingia. Samahani, nimekusubirisha sana.'"