Namba Kumi na Saba

Kwa miaka kumi na tisa Mama Pamba amepangusa vidonda vya watu kwa kijiti cha pamba, na jina akalipatia hapo hapo maabara. Malengelenge ya midomo, ya sehemu za siri, ya macho ya watoto. Usaha na harufu yake vyote anavijua, na havijawahi kumtia kinyaa. Kinyaa alikijua alipokuja mkuu mpya wa maabara, aliyevaa glavu mbili mbili na kushika vichupa kwa ncha za vidole, pua kaikunja.

Mkuu alikuja na ramani ya vinasaba vya virusi vya herpesi, vinavyoleta malengelenge hayo, iliyosomwa zamani ng'ambo kutoka kwa mgonjwa mmoja. Sampuli iliyofanana nayo ilikuwa safi. Iliyotofautiana aliiandikia "uchafu" kwa wino mwekundu, akidai imeingiliwa na kitu kingine. Sampuli sitini na mbili zilizoandikwa hivyo, jasho la miaka mitatu, zilikuwa zichomwe Ijumaa. Namba kumi na saba ilikuwa ya marehemu mama yake Mama Pamba, ambaye Mama Pamba alimpangusa kwa mkono wake.

"Mkuu, virusi hivi watu huambukizana nyumbani," alimwambia. "Mama anambusu mwanawe, mtoto anakaa navyo mpaka kaburini. Vya huku vitafananaje na vya huko nukta kwa nukta?"

"Mama, wewe pangusa. Kusoma tuachie sisi."

Nyani haoni kundule, alijisemea, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na kitu.

Jumatatu lengelenge lilimtoka mdomoni. Alijipangusa, akaipeleka sampuli kwenye mashine ya kusoma vinasaba ya jengo la pili, ambako kichupa cha mama yake hakijawahi kufika. Alhamisi alimwekea mkuu majibu mezani.

"Huu ni uchafu ule ule wa namba kumi na saba," mkuu alisema. "Umemwaga moja kwenye nyingine."

"Kumi na saba ni mama yangu. Tumemzika mwaka juzi. Hii ni yangu, ya Jumatatu hii, imesomwa jengo la pili."

Mkuu aliutazama mdomo wake, akarudi nyuma hatua moja. Mama Pamba akamsogezea orodha na kalamu nyekundu.

"Basi niandike na mimi. Hapa, chini ya mama."

Mkuu hakuandika. Alilikata lile neno kwenye namba kumi na saba, kisha kwenye zilizobaki. Mama Pamba alimsimamia mpaka ya mwisho, na kinyaa alichomwonea mkuu hakikumtoka.