Maji ya Speling

Kiingereza cha kusema sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu uko kwenye kukiandika. Nilikisoma hadi kidato cha nne huko Tawa nilikozaliwa, nikatoka na alama ya D, nikaapa hatutakutana tena. Nikaolewa Mutomo, nikafuga mbuzi, nikapanda ndengu, nikasahau. Kisha binti yangu akaingia gredi ya nne, na kile kinyaa kikanirudia chote, kikiwa kipya.

Mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa kijana nadhifu mwenye pikipiki nyekundu iliyong'aa kuliko kitu kingine chochote katika shule ile. Fimbo imekatazwa na serikali, naye hakuwa mtu wa kuvunja sheria, kwa hiyo alijitafutia adhabu yake mwenyewe. Huku kwetu kila mtoto huenda shuleni na chupa yake ya maji, kwa sababu shule haina hata tone. Basi kila asubuhi mwalimu alisoma maneno ya tahajia, ambayo watoto wote huyaita speling. Aliyekosea neno aliinuka na chupa yake, akaenda nyuma ya ofisi ya walimu, akayamimina maji yote ndani ya pipa. Kisha alirudi kuketi hadi kengele ya jioni, ulimi umemkauka.

Wazazi wengi waliipenda adhabu hiyo.

"Si hiyo ni afadhali kuliko kuchapwa?" jirani yangu aliniuliza. "Na wanashika."

Na huyo jirani ni mtu anayeyatafuta maji yale kwa mikono yake mwenyewe! Mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Unachimba shimo la kukufika kiunoni, unangoja maji yachuruzike, unayateka kwa kikombe, na ukiwa na haraka unateka matope.

Hapo shimoni ndipo nilipoanza kumfundisha binti yangu. Tukingoja maji yajikusanye, tuliandika kwenye mchanga kwa kijiti. Nilimpa sheria zote nilizozikumbuka. E ya mwisho inaondoka ukiongeza mkia fulani kwenye neno. Konsonanti unaiandika mara mbili hapa, pale usithubutu. I hutangulia e. Alizishika haraka, akafurahi. Baada ya siku chache akaja na neno 'their', akaniuliza mbona e imekuwa mbele. Nikamwambia hilo ni neno la pekee. Akaniletea 'weird'. Nikamwambia hilo pia.

"Mwaitu," akaniita, maana ndivyo mama anavyoitwa kwa Kikamba, "sasa hii ni sheria gani kila mtu anaivunja?"

Niliyafuta maneno yale mchangani kwa hasira. Tazama hiyo K ya 'knife'. Imekaa mbele kama mgeni rasmi, haifanyi lolote, haisemi lolote, na bila yeye shughuli haianzi. Kikamba kina heshima zake, Kiswahili kina heshima zake: herufi ikiandikwa, inafanya kazi. Hii lugha nyingine imejaa wavivu, na mtoto wangu ndiye aliyekuwa akiwalipia kwa koo lake.

Maana alijitahidi, akapata karibu maneno yote, lakini kukosea moja tu kulitosha. Jioni alifika nyumbani midomo imepasuka, akanywa kwa pupa hadi maji yakamwagikia kifuani. Mwishowe mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi, na alilia akienda haja. Nesi wa zahanati akaniambia mtoto hanywi maji ya kutosha, akanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemnyima. Alisema tukiendelea hivyo figo zake zitaumia. Niliamua kwamba mkutano wa wazazi unaofuata, nitasema.

Siku hiyo nilifika mapema. Nilipopita nyuma ya ofisi nilimkuta mwalimu amekunja suruali vizuri asilowe, anaosha pikipiki. Alichota kwenye pipa kwa kopo, akamwagia gurudumu, akachota tena.

"Karibu, mama," alisema.

Povu la sabuni lilipita kando ya viatu vyangu na kuzama mchangani, na ndani ya lile povu mlikuwa na maji ambayo mtoto fulani aliamka alfajiri kuyabeba. Nilisonya, nikaingia darasani palipokuwa na mkutano.

Tulianza kwa maombi, marefu kama kawaida yetu, na mzazi mmoja akaomba mvua. Kisha watoto wa gredi ya nne wakaingia kutugawia chai. Kwetu chai ya mkutano haikataliwi. Ukiikataa, kila mtu anajua una neno na mwenyeji. Binti yangu ndiye aliyeniletea yangu. Aliinama, akaninong'oneza kwa Kikamba nisinywe.

"Kwa nini?"

"Ni maji ya pipa, mwaitu, hata yangu ya leo yako humo. Sisi hutema mate ndani. Kila mtu akimwaga yake, anatema. Hata wale wako na homa wanatema."

Nilikitazama kile kikombe. Utando wa maziwa ulielea juu, na mimi sikuona maziwa tena. Mwalimu mkuu alikuwa akinitazama, kikombe chake cha pili mkononi. Ningekiweka chini angeuliza sababu, na sababu ikijulikana watoto wote wa darasa lile wangekiona cha moto. Nikafumba macho, nikanywa hadi mwisho. Wanaosema moto huua kila kitu hawajawahi kunywa chai ile. Mate yaliyochemshwa ni mate.

Kisha nikasimama.

"Mwalimu, chai nimeshukuru. Lakini hii nimekunywa ni maji ya msichana wangu. Amebeba asubuhi kutoka mtoni. Yeye mwenyewe hajakunywa kitu tangu atoke nyumbani, na ako hapo amesimama anatuona tukikunywa."

Vikombe vilitulia. Nyanya mmoja aliyekuwa mbele yangu alikiweka chake sakafuni.

"Mama, hiyo ni motivation tu," mwalimu wa Kiingereza akasema. "Hata marks zimepanda."

"Na pikipiki? Nayo pia inafanya speling?"

Watu walicheka, lakini si kwa furaha. Mwalimu mkuu ni mtu anayejua kusoma nyuso, akaamuru watoto wapewe maji yao palepale. Ndoo ikaletwa kutoka kwenye pipa, watoto wakapanga laini, kila mmoja akajaziwa kikombe. Hakuna aliyekunywa.

"Kunyweni!" mwalimu mkuu akasema.

Walitazamana. Kiu ilionekana wazi kwenye midomo yao, na bado walivishika vile vikombe mbali na nyuso zao. Mwalimu wa Kiingereza aliwaangalia, akaiangalia chai yake mwenyewe, na nikamwona akielewa polepole. Alitoka nje. Tulimsikia akitapika karibu na pipa lake. Mwalimu mkuu hakuuliza swali hata moja, nadhani kwa sababu ya vile vikombe viwili alivyokwisha kunywa; hakutaka kusikia jibu. Mimi sikumhurumia yeyote. Chai yangu niliinywa nikijua.

Pipa liliondolewa. Speling iliendelea. Wiki iliyofuata binti yangu alikosea neno, akainuka kwa mazoea, chupa mkononi. Mwalimu akainamia kitabu chake, hakumtuma popote. Basi binti yangu akaifungua pale pale aliposimama, akanywa darasa zima likimtazama, akanywa hadi nusu, akaifunga na kuketi.