Mkono wa Kushoto wa Mke Wangu

Mke wangu alikuwa dobi wa pasi, mimi dobi wa ndoo. Mimi nafua na kuanika, yeye ananyoosha. Mtaa mzima ulimwita Mashoto, kwa kuwa pasi yake ya mkaa aliishika kwa mkono wa kushoto, na kwa kola hakuna aliyemfikia. Ila akishika pasi, anaota. Mvuke ukipanda, macho yanalegea, anaanza kunisimulia maisha ya wenye nguo. "Huyu shati lake limekunjamana mgongoni tu. Siku nzima kakaa anamsubiri mtu." Nami namwambia, "Ota upesi, mama, mwenye shati yuko njiani." Tulizeeka hivyo, katika chumba chenye harufu ya sabuni na kitambaa cha moto, na wala sikuwahi kumchoka.

Kisha mkono ukaanza kumuuma. Maumivu yalishuka kutoka begani hadi kwenye kiwiko, na kifuani akahisi kama mtu anamkandamiza kwa kiganja. Akiitua pasi na kukaa, yanaondoka. Kila dobi wa pasi anaujua mkono wa namna hiyo. Tiba yake ni kulowesha kitambaa, kukipitishia pasi na kukifunga begani kingali moto. Nilimfungia mwenyewe, nikimtania kwamba uzee umebisha hodi kushoto kwanza. Akacheka, akarudi kwenye ndoto zake.

Jumapili moja asubuhi hatukuwa na kazi. Alikaa dirishani akitazama mashuka ya watu yakipepea uani, akasema taratibu, "Mzee, yale mashuka yanakwenda mbali." Nikacheka. Nilipogeuka, uso wake ulikuwa umelowa jasho, na mkono wa kulia umeshika taya.

"Ni mkono tu," akasema. "Nifungie kitambaa, nilale kidogo, itapita."

Nikaenda kuipasha pasi. Ilikuwa baridi. Hapo akili ikanijia: toka juzi hajaigusa. Amekaa tu, hajainua kitu, na bado anaumwa! Mkono gani unachoka kwa kukaa?

"Hulali," nikasema. "Tunakwenda hospitali."

"Kwa mkono?"

"Kwa ubishi wako."

Ndani ya teksi alilaza kichwa begani kwangu, akinong'ona kwamba mashuka yamefika juu ya nyumba, yanavuka barabara. Nilimshika kwa nguvu. "Ota kwa sauti, mama, nikusikie."

Nesi hakutuweka foleni. Alimpa aspirini atafune, akambandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari ya moyo wake kwenye karatasi, kisha akamtoa damu ya kupima. Daktari, binti mdogo kuliko mwanetu wa kwanza, akaitazama ile karatasi.

"Kifua huuma kwa mengi, baba. Misuli, asidi ya tumbo, mapafu, hata hofu. Ndiyo maana tunapima, hatubahatishi. Hapa mshipa unaolisha moyo umeziba."

Akanieleza kwamba maumivu ya moyo mara nyingi husikika mkononi, tayani au mgongoni. Yale yaliyokuja na kazi yakaondoka kwa kupumzika yalikuwa moyo ukilalamika. Yakimjia mtu ametulia, si wakati wa kwenda kulala. Wakampitishia mrija mwembamba ndani ya mshipa, wakauzibua.

Nilipoingia wodini alikuwa macho, anaupapasa mkono wake wa kushoto.

"Nimeusingizia bure," akasema. "Miezi yote mkono huu unaniletea habari za moyo, nami naufunga kitambaa ili unyamaze."

Daktari alikuwa amekwisha kuniambia kwamba kipande cha moyo kimedhoofika, na pasi ya mkaa basi tena. Sikujua nianzie wapi.

"Una sura ya mtu aliyeunguza nguo ya mteja," akasema. "Sema tu."

Nikasema. Akafumba macho. Nikamwuliza anaota nini.

"Sioti," akajibu. "Nausikiliza moyo. Usinisemeshe."

Nikakaa kando yake, machozi yananitoka, na sioni haya kuyasema.