Miaka Mitatu ya Kufagia Kanisa

Nilikuwa mwaka wa pili wa filozofia chuoni, hapa Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, nilipopoteza hamu ya kila kitu. Ilianza na swali la profesa wetu. Alituuliza kuna tofauti gani kati ya mtu aliyeishi akasahauliwa kabisa, na mtu ambaye hakuzaliwa kamwe. Wenzangu waliliandika swali, wakalipigia mstari, wakatoka kwenda kununua mikate. Mimi nilibaki nimekaa. Tangu siku ile, nikiona malori ya madini yanapita, au bibi harusi akishuka garini, nilijiuliza: yote haya ni ya nini?

Kwetu ni mtaa wa Musonoi. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya mgodi miaka mingi, na kelele za karakana zililiua sikio lake la kushoto. Kwa hiyo jambo zito huwezi kumnong'oneza. Unakaa kuume kwake na kulisema wazi.

Jumapili moja baada ya ibada, mama alitenga bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, baba akaniomba niombee chakula. Nilikataa. Nilisema sijui tena huwa naongea na nani. Mama alishusha macho. Nilisubiri kukemewa, maana baba ni mzee wa kanisa na hapendi mchezo katika mambo hayo. Lakini aliomba mwenyewe, kwa maneno machache, tukala.

Baadaye aliniita nje, tukakaa kwenye kizingiti cha mlango. Akataka nimweleze yote, taratibu, kwa Kiswahili. Nilihangaika. Yale maneno makubwa ya Kifaransa niliyoyazoea darasani hayakunifaa pale, na nilipoyaondoa, kilichobaki kilikuwa kidogo tu: naogopa kwamba sisi si kitu.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

Dada yangu, aliyetangulia kuzaliwa, alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Wakati huo baba alikuwa shemasi. Jumapili iliyofuata maziko ilikuwa zamu yake ya kuongoza maombi, na kanisa lilikuwa limejaa watu waliokuja kumfariji. Akasimama mbele yao.

"Niliwaambia, bandugu, kwa sasa sina maneno ya kuomba. Nikiomba, nitawadanganya. Lakini kufagia, naweza."

Akaacha ushemasi siku hiyo hiyo. Kwa miaka mitatu alifagia kanisa kila Jumamosi, na Jumapili aliketi nyuma kabisa, mdomo umefungwa, bila kugusa meza ya Bwana. Wengine walimwita mpagani. Hakuhama kanisa wala hakujitetea.

Nilimuuliza imani ilirudije.

"Sijue," alisema. "Siku moja nilijikuta niko naimba. Hata leo haijarudi yote."

Nikamuuliza kama niache filozofia.

"Uache juu ya nini, mutoto yangu? Mwalimu yako alikuuliza swali ya kweli. Rudia kule."

Jumatatu nilipanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, nikarudi darasani. Hofu haikuisha. Ila sikuwa tena peke yangu nayo, na hilo lilinitosha kufungua daftari. Kazi yangu ya mwisho wa mwaka niliiandika juu ya mtu anayekataa kusema asichokiamini. Profesa alipoisoma aliniuliza mwanafalsafa huyo ni nani. Nilimjibu kwamba ni fundi mstaafu wa Musonoi. Hakucheka. Alisema angependa kumsikia.

Tangu hapo nimekutana na wasomi wengi. Ni wachache niliowaona wakisimama mbele ya watu wanaowaheshimu na kutaja waziwazi wasichokuwa nacho. Baba alifanya hivyo wiki ileile aliyomzika mtoto wake.

Sasa nami ni mwalimu wa sekondari, na swali la profesa huwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho. Wakitaka kujua jibu langu, huwaambia sinalo, na huona haya kidogo tu.